Ujira na Ahadi: Malipo ya Wafanyakazi wa Viwanda vya Magari vya Marekani, 1914–2023

Katika zaidi ya miaka mia moja ya viwanda vya magari nchini Marekani, ni hoja chache zilizorudiwa mara nyingi kama ile isemayo kwamba wafanyakazi wa Detroit walilipwa fedha nyingi kupita kiasi, hata wakawaangusha waajiri wao. Wakuu wa General Motors waliisema baada ya Vita Kuu ya Pili, na wabunge wa Washington waliirudia mwaka 2008 kampuni zilipokwenda kuomba fedha za serikali. Hata hivyo, mtu akizifuatilia hesabu za malipo hayo tangu mwanzo, anaona kwamba hakuna kampuni kubwa ya Detroit iliyoanguka kwa sababu ya ujira peke yake, yaani fedha anazopewa mfanyakazi kwa saa alizofanya kazi. Kilichozielemea kampuni hizo ni ahadi za malipo ya baadaye, hasa matibabu ya wastaafu, ambazo wakuu wake walizitoa wakati soko lilipokuwa mikononi mwao, na ambazo nyingi hazikutengewa fedha.

Habari yenyewe huanzia Highland Park, mji mdogo uliozungukwa na jiji la Detroit katika jimbo la Michigan, ambako Henry Ford alifungua kiwanda kipya mwaka 1910 kwa ajili ya gari lake la Model T. Mwaka 1913 wahandisi wa kiwanda hicho waliingiza mkanda wa kuunganishia magari, yaani utaratibu ambao gari linaloundwa huvutwa kwa mnyororo na kupita mbele ya wafanyakazi waliosimama mahali pamoja, kila mmoja akifunga kifaa kimoja au viwili tu. Kazi ya kuunganisha chesisi moja, ambayo hapo awali ilichukua zaidi ya saa 12, ilishuka hadi takriban saa moja na nusu kufikia mwanzoni mwa 1914. Lakini mbinu hiyo iliyomwokolea Ford muda ilimnyang'anya fundi ufundi wake, kwa kuwa mtu aliyezoea kuunda kitu kizima kwa mikono yake sasa alikaza nati ileile kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa mwendo uliopangwa na mashine. Watu waliikimbia kazi hiyo kwa wingi wa ajabu: mwaka 1913 kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kuziba nafasi zipatazo 14,000, hali ambayo wenye hesabu waliieleza kuwa mzunguko wa wafanyakazi wa asilimia 370 kwa mwaka. Kila mgeni alihitaji kufundishwa, na kila pengo katika mkanda lilichelewesha wote waliosimama baada yake.

Tarehe 5 Januari 1914, Ford na mshirika wake James Couzens walitangaza kwamba kima cha chini cha malipo kiwandani kingekuwa dola tano kwa siku ya saa nane, ilhali wakati huo mfanyakazi alipata dola 2.34 kwa siku ya saa tisa. Habari hiyo ilienea nchi nzima, na katika siku zilizofuata maelfu ya watu waliotafuta kazi walijazana kwenye malango ya Highland Park katikati ya baridi kali, hadi wakatawanywa kwa mabomba ya maji ya zimamoto. Saa nane zilimwezesha Ford kuendesha zamu tatu kwa siku badala ya mbili, faida ambayo haitajwi sana, ingawa ilikuwa sehemu ya hesabu tangu siku ya kwanza.

Simulizi iliyopendwa zaidi kuhusu dola tano ni kwamba Ford aliwalipa watu wake vizuri ili waweze kununua magari yake. Simulizi hiyo ni nzuri, lakini hesabu haiikubali, kwa maana kampuni iliyouza magari zaidi ya 200,000 kwa mwaka isingeweza kutajirika kwa kuwauzia watu 14,000 waliokuwa wakifanya kazi kiwandani mwake, hata kama kila mmoja wao angenunua gari kila mwaka. Faida ilitoka kwingine. Mzunguko wa wafanyakazi ulishuka hadi asilimia 54 mwaka 1914 na asilimia 16 mwaka 1915, utoro kazini ulikaribia kwisha, na msimamizi aliweza kuongeza kasi ya mkanda akijua kwamba asiyeridhika angetafakari mara mbili kabla ya kuacha malipo asiyoweza kuyapata kwingine. Bei ya Model T, iliyokuwa dola 850 mwaka 1908, ilishuka hadi dola 360 mwaka 1916, na faida ya kampuni mwaka huo ilikaribia dola milioni 60. Ford mwenyewe aliandika baadaye kwamba dola tano zilikuwa miongoni mwa hatua bora za kupunguza gharama alizowahi kuchukua, na katika jambo hili anastahili kuaminiwa.

Malipo hayo yalikuja na masharti mazito. Takriban nusu ya dola tano ilihesabiwa kuwa mgawo wa faida, si ujira, na mgawo huo ulimfikia tu yule ambaye kampuni ilimwona anastahili. Idara ya Sosholojia, ofisi iliyoundwa na kampuni kwa kazi hiyo, iliwatuma wakaguzi majumbani mwa wafanyakazi kuuliza kama wanakunywa pombe, kama wameweka akiba, kama nyumba ni safi na kama wamepangisha wageni vyumba. Wahamiaji kutoka Ulaya walipelekwa katika shule ya Kiingereza ya kampuni, na wanawake hawakuhesabiwa katika mpango huo hadi mwaka 1916. Kwa maneno mengine, Ford alinunua mengi zaidi ya saa nane za kazi, na ni haki kusema kwamba mfanyakazi alilipia sehemu ya ujira huo mnono kwa uhuru wake nyumbani.

Wakati huohuo wanahisa walianza kunung'unika. Ndugu wawili, John na Horace Dodge, waliokuwa na sehemu ya kumi ya hisa za kampuni, walimshtaki Ford mwaka 1916 kwa kuzuia gawio, yaani fungu la faida linalogawiwa wenye hisa, ili apanue kiwanda, apunguze bei na kuajiri watu zaidi. Mwaka 1919 Mahakama Kuu ya Michigan iliamua kwamba kampuni ya biashara huendeshwa kwanza kwa manufaa ya wanahisa, ikaamuru gawio la zaidi ya dola milioni 19 litolewe. Kesi hiyo bado husomwa katika vyuo vya sheria, na swali lililoulizwa humo, kwamba faida ya kiwanda ni ya nani, ndilo lililoendelea kuulizwa kwa miaka mia iliyofuata kwa njia ya migomo.

Ukarimu uliotegemea hiari ya mwajiri haukudumu. Bei zilipanda wakati wa vita, dola tano zikapoteza thamani, na nyongeza ya kufikia dola sita mwaka 1919 haikuirudisha thamani hiyo yote. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoanza mwaka 1929 Ford alitangaza dola saba kwa siku, lakini muda si mrefu ujira ulikatwa na maelfu wakaachishwa kazi. Tarehe 7 Machi 1932 watu wasio na ajira waliandamana kwa njaa kuelekea kiwanda kikubwa cha River Rouge mjini Dearborn, na polisi wa mji pamoja na walinzi wa kampuni wakawafyatulia risasi; wanne walikufa siku hiyo, na wa tano akafa baadaye kwa majeraha. Kuanzia hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote Detroit kuamini kwamba ujira mzuri ungelindwa na wema wa tajiri.

Ulinzi mwingine ulipatikana kwa chama cha wafanyakazi wa magari, United Automobile Workers, au UAW kwa kifupi, kilichoundwa mwaka 1935, mwaka uleule ambao sheria mpya ya shirikisho ililinda haki ya kujiunga na chama na kufanya majadiliano ya pamoja na mwajiri. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa General Motors mjini Flint waligoma kwa kukaa ndani ya kiwanda, ili kampuni isiweze kuleta watu wengine washike mashine zao. Walikaa humo siku 44 za baridi, wakipelekewa chakula na wake zao na wenzao, huku Gavana Frank Murphy akikataa kuwatoa kwa nguvu za askari, mpaka tarehe 11 Februari 1937 kampuni kubwa kuliko zote duniani ilipokubali kuzungumza na chama. Chrysler ilifuata mwaka huohuo. Ford, ambaye walinzi wake waliwapiga Walter Reuther, mmoja wa viongozi wa chama, na wenzake mbele ya wapiga picha mwezi Mei 1937, alikubali mwaka 1941 tu.

Reuther ndiye aliyeliweka suala la ujira mahali panapostahili kuangaliwa kwa makini. Mwishoni mwa 1945 aliongoza mgomo wa siku 113 dhidi ya General Motors akidai nyongeza ya asilimia 30 bila bei ya magari kupandishwa, na akaitaka kampuni, kama inasema haiwezi, ifungue vitabu vyake vya hesabu. Dai hilo liliwatisha wakuu wa kampuni kuliko nyongeza yenyewe, kwa kuwa lilimpa mfanyakazi sauti katika bei, na kwa njia ya bei katika uendeshaji mzima wa biashara. Mgomo uliisha Machi 1946 kwa nyongeza ya senti 18.5 kwa saa. Vitabu vilibaki vimefungwa.

Rais wa General Motors, Charles Wilson, alijifunza kutokana na mgomo huo kwamba amani kiwandani inaweza kununuliwa. Mkataba wa 1948 ulileta kanuni mbili: ujira ungepanda kila mara gharama za maisha zinapopanda, na ungeongezwa kidogo kila mwaka kulingana na ongezeko la tija, yaani wingi wa kazi inayotoka katika kila saa ya mfanyakazi. Mkataba wa miaka mitano wa 1950, ambao jarida la Fortune liliuita Mkataba wa Detroit, uliongeza pensheni ya dola 125 kwa mwezi, ikijumuisha ile ya serikali, na kampuni ikabeba nusu ya gharama ya bima ya afya. Kwa upande wake, kampuni ilipata miaka mitano bila migomo na ikabaki peke yake kuamua itaunda magari gani, wapi na kwa bei gani. Reuther alipendelea pensheni na matibabu vitolewe na taifa kwa wananchi wote, lakini mpango wa Rais Truman wa bima ya afya ulikwama katika Bunge la Marekani, na wakuu wa viwanda hawakuupigania. Walichagua kubeba wenyewe mzigo ambao katika nchi nyingine za viwanda ulibebwa kwa sehemu kubwa na umma. Uamuzi huo, kuliko senti yoyote iliyoongezwa kwenye ujira wa saa, ndio uliopanga hatima ya kampuni hizo nusu karne baadaye.

Ishara za hatari zilikuwepo tangu mapema. Mwaka huohuo wa 1950 wafanyakazi wa Chrysler waligoma siku 104, na kiini cha mgogoro hakikuwa kiasi cha pensheni, ambacho kampuni ilikwishakikubali, bali kama fedha zake zingetengwa mapema katika mfuko maalumu au zingelipwa tu kadiri wastaafu wanavyojitokeza. Mwezi Desemba 1963 kampuni ya Studebaker ilifunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana, mfuko wake wa pensheni ukiwa haujajaa. Waliokwisha kustaafu walilipwa kikamilifu, lakini wafanyakazi wapatao 4,000 wenye umri wa kati ya miaka 40 na 59 walipata takriban asilimia 15 ya walichotarajia, na wengine 2,900 hawakupata kitu. Uchungu wa South Bend ulichangia kuzaliwa kwa sheria ya shirikisho ya 1974 iliyozilazimisha kampuni kuweka fedha za pensheni mahali salama na kuanzisha shirika la kuzidhamini. Sheria hiyo haikuweka sharti kama hilo juu ya matibabu ya wastaafu, na humo ndimo shimo lilimoendelea kuchimbwa.

Katika miaka ya 1950 na 1960 shimo hilo halikuonekana. General Motors peke yake iliuza karibu nusu ya magari yote ya nchi, na UAW ilikuwa na desturi ya kuchagua kampuni moja kati ya tatu kubwa, kufikia nayo makubaliano, kisha kuzitaka nyingine mbili zifuate. Kwa kuwa zote zililipa sawa, hakuna iliyoweza kuishinda nyingine kwa kuwabana wafanyakazi, na gharama iliyoongezeka ilihamishiwa kwa mnunuzi. Familia zilizotoka mashamba ya kusini, za weusi na za weupe, zilipata nyumba na kuwasomesha watoto kwa ujira wa mtu mmoja, na hilo ni tendo la kihistoria lisilopaswa kudharauliwa kwa sababu tu hesabu zake ziliharibika baadaye. Mgomo wa siku 67 dhidi ya General Motors mwaka 1970 ulifungua njia ya mfanyakazi kustaafu baada ya miaka 30 kazini. Hata hivyo, ujira haukuponya kila kitu, kwani mwaka 1972 vijana wa kiwanda cha Lordstown, Ohio, waligoma dhidi ya mkanda uliopitisha takriban magari 100 kwa saa, wakilalamikia uchovu uleule uliowakimbiza watu Highland Park miaka 60 kabla.

Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 na tena mwaka 1979, Wamarekani waliyageukia magari madogo ya Japani, na kampuni za Detroit zikajikuta kwa mara ya kwanza na mshindani ambaye hakuwamo katika makubaliano yao. Chrysler iliokolewa mwaka 1980 kwa dhamana ya serikali ya mikopo ya dola bilioni 1.5, nao wafanyakazi wakakubali kupunguziwa malipo, huku rais wa UAW, Douglas Fraser, akipewa kiti katika bodi ya wakurugenzi. Wengi walihitimisha kwamba ujira ndio uliokuwa ugonjwa. Ushahidi wa Fremont, California, unawapinga. Kiwanda cha General Motors katika mji huo kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikiwa na wafanyakazi ambao wengi wao ni walewale wa zamani, chama kilekile na ujira wa kiwango cha chama. Kilichobadilika ni uongozi: watu walipangwa katika timu, walisikilizwa, na kila mmoja aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha mkanda alipoona kosa. Watafiti wa chuo cha MIT walipolinganisha viwanda miaka michache baadaye, walikuta kwamba Fremont ilihitaji saa 19 za kazi kwa gari, kiwanda cha Toyota cha Takaoka saa 16, na kiwanda cha General Motors cha Framingham saa 31. Katika miaka hiyo General Motors ilitumia mabilioni ya dola kwa roboti, kana kwamba mfanyakazi ndiye kasoro iliyopaswa kuondolewa, badala ya kueneza mapema katika viwanda vyake vyote mafunzo iliyoyapata Fremont.

Honda, Nissan na Toyota nazo zilijenga viwanda katika majimbo ya Ohio, Tennessee na Kentucky, zikalipa ujira uliokaribia ule wa UAW, kwa sehemu ili chama kisiingie. Tofauti kubwa ilikuwa katika umri wa kampuni. Wafanyakazi wao walikuwa vijana na wastaafu wao wachache, ilhali General Motors, iliyokuwa na wafanyakazi 464,000 na wastaafu 40,000 nchini Marekani mwaka 1962, ilifika mwanzoni mwa karne ya 21 ikiwa na wafanyakazi wapatao 141,000 na wastaafu 453,000. Kila gari lililotoka kiwandani lilibeba zaidi ya dola 1,500 za matibabu, nyingi kati ya hizo zikiwa za watu waliokwisha kustaafu. Kampuni yenye mzigo huo ilisukumwa kuunda magari makubwa yenye faida nono na kuyapuuza madogo, na bei ya mafuta ilipopanda tena mwaka 2008 haikuwa na cha kuwauzia watu.

Mwaka 2007 UAW ilikubali mambo mawili mazito. Dhamana ya matibabu ya wastaafu ilihamishiwa kwenye mfuko huru, na ujira ukawa wa ngazi mbili, yaani mfanyakazi mpya alianza kwa takriban dola 14 kwa saa akisimama kando ya mwenzake anayepata dola 28 kwa kazi ileile. Hatua hizo zilichelewa. General Motors ilipata hasara ya dola bilioni 30.9 mwaka 2008, na katika mjadala wa Washington ilisemwa kwamba mfanyakazi wa Detroit analipwa dola 70 kwa saa. Hesabu hiyo ilipotosha umma vibaya, kwa sababu ilijumlisha ujira, bima na likizo za aliyepo kazini, ambavyo kwa pamoja vilikaribia dola 55, pamoja na gharama za wastaafu, kisha ikagawa kwa saa za wachache waliobaki. Chrysler iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi tarehe 30 Aprili 2009, na General Motors tarehe 1 Juni. Serikali iliweka takriban dola bilioni 50 katika General Motors, na wafanyakazi wakapoteza nyongeza ya gharama za maisha waliyokuwa nayo tangu 1948.

Mageuzi hayo yalirudisha faida, lakini si kwa wote, kwani kufikia 2023 thamani halisi ya ujira katika viwanda vya magari vya Marekani ilikuwa imeshuka kwa karibu moja ya tano tangu 2008. Tarehe 15 Septemba 2023 rais mpya wa UAW, Shawn Fain, aliita mgomo dhidi ya kampuni zote tatu kwa wakati mmoja, jambo lisilowahi kutokea. Baada ya wiki sita hivi palipatikana nyongeza ya asilimia 25 hadi mwaka 2028, nyongeza ya gharama za maisha ikarejeshwa, na ngazi za ujira kwa sehemu kubwa zikaondolewa. Ford ilikadiria kwamba mkataba huo ungeongeza takriban dola 900 kwa kila gari kufikia mwisho wake, na General Motors dola 575 kwa wastani. Mwezi uliofuata General Motors ilitangaza kwamba ingetumia dola bilioni 10 kununua hisa zake yenyewe ili kuwanufaisha wanahisa. Toyota na Honda ziliwaongezea ujira wafanyakazi wao wasio na chama ndani ya wiki chache.

Katika mazungumzo hayo kampuni zilikubali, angalau kwa sehemu, madai mengi yaliyohusu fedha ya leo. Miongoni mwa madai ziliyoyakataa hadi mwisho yalikuwa pensheni ya kima maalumu na matibabu ya ustaafuni kwa walioajiriwa baada ya 2007, na wafanyakazi hao hadi sasa hawana hata kimoja kati ya hivyo viwili.